Maji Yalikuwa Yanaenda Wapi

Broka alisema 250,000, vile liko. Alisema hivyo akiwa ameinama, anachungulia chini ya Subaru kama mtu anayetafuta kuku aliyeingia uvunguni, halafu akasimama, akajipangusa magoti na kuongeza, "Na hiyo ni kwa sababu nilimjua mzee." Hakumjua mzee. Mzee angemwona, angetuambia tumfungulie mbwa.

Mama hakusema kitu. Alinitazama mimi, kwa sababu katika nyumba yetu mimi ndiye niliyesomea uhandisi wa mitambo, miaka miwili na kidogo, na bado anaamini kidogo hicho kinatosha.

Gari lenyewe ni Impreza WRX ya 1998, ile ya zamani ambayo vijana wa Subaru huiita GC8. Ni la buluu, ingawa mlango mmoja ni wa buluu nyingine. Baba alilinunua 2011 kwa jamaa mmoja wa Nairobi aliyekuwa amechoka nalo, akaliendesha mpaka Embu na kuliegesha hapa Dallas, mbele ya duka la Mama, kati ya kibanda cha M-Pesa na mtaro. Ukimwambia mtu kwenye mtandao kwamba unatoka Dallas anakuuliza Texas kuna joto kiasi gani. Dallas yetu ni mtaa wa Embu mjini, mabati kwa mabati, na mvua ikinyesha unatoka nyumbani na gambuti huku viatu vimefungwa kwenye mfuko wa karatasi. Hapo ndipo Impreza ya kukimbia imelala kwa miaka 13.

Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Mtu wa leja na kalamu tatu mfukoni. Lakini mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza, Baba akiwa kijana, na ule ugonjwa haukumtoka. Mikopo miwili ya sacco baadaye, akapata yake. Hakuikimbiza hata siku moja, kwa kadiri ninavyojua. Aliiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mara moja tu alienda mbali, Juni 2022, Naivasha, kuona Safari. Alirudi amechomwa na jua, sauti imekauka, na Subaru ikifuka moshi mweupe mbele.

Akasema ataangalia. Baada ya siku mbili akasema imepona.

Alifariki Februari 2023.

Sasa dada yangu mdogo ameitwa KMTC, anatakiwa kuripoti Septemba, na karo haijakamilika. Mama akaamua gari liende. Likiwa zima, kwa mtu anayelijua, lingeleta 450,000 au karibu na hapo. Shida ni kwamba lilikuwa linakunywa maji. Asubuhi ukifungua kifuniko cha tangi unakuta nusu lita haipo. Unajaza. Unatoka nalo, hapa mjini linatulia, lakini ukianza kupanda kuelekea Runyenjes geji ya joto nayo inaanza kupanda. Ukisimama, kuna harufu tamu, kama sharubati iliyoungulia kwenye jiko. Ukiinama, chini pakavu.

Nilipeleka kwa gereji moja mjini. Sitaitaja, nao hawatajitambua, kwa sababu walichonifanyia hufanywa kila mahali. Jamaa alifungua boneti, akagusa mpira mmoja, akasema, "Gasket imeenda." Hakupima chochote. Alisema 65,000, kwa sababu ni Subaru. Hapo hakudanganya. Silinda nne za injini hii hazijasimama wima, zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, kama watu wanne kwenye kitanda kimoja miguu ikikutana katikati. Hedi ni mbili, gasketi ni mbili, na ukitaka kuzifikia vizuri ni heri uitoe injini yote.

Kabla sijajibu alikuwa amemimina kopo la dawa ya kuziba ndani ya radieta. "Itakusaidia kwa sasa." Dawa ile ni unga unaoganda popote unapopata nafasi, na mahali pa kwanza unapopata nafasi ni zile njia nyembamba ambazo hazikuwa na shida. Nilikuja pia kugundua kwamba termostati haikuwepo. Kuna mtu aliitoa zamani. Hili nitalisema hata kama halijaulizwa: mafundi wa Kenya wana chuki na termostati ambayo sijawahi kuielewa. Wanaamini ni kitu cha wazungu cha wakati wa baridi. Kazi yake ni kuishikilia injini kwenye joto lake. Ukiitoa, injini inakimbia baridi, inakunywa mafuta, inachakaa mapema, na siku ukiwa na shida ya kweli geji haikuambii ukweli.

Nilikuwa na 41,000. Hizi hazikuwa pesa za gari.

Niliacha chuo Januari 2023, mwaka wa tatu, kwa sababu ya malimbikizo ya karo na kwa sababu nyingine ambazo zilionekana kubwa wakati ule. Nilirudi nyumbani nikasema tumefunga. Baba alikuwa tayari amelala hospitalini, na kila aliyekuja kumwona aliambiwa, "Huyu ndiye injinia." Wauguzi walianza kuniita hivyo pia. Nilipanga kumwambia Aprili, akishatoka. Mama nilimwambia baada ya mazishi, jikoni, akichambua maharagwe, naye aliendelea kuchambua.

Tangu hapo naishi kwa kuandika. Naandika makala nikipata, na nisipopata naandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Vijana wengi wa umri wangu wanajua kazi hii na hawaisemi mbele ya wazazi. Nimewahi kuandikia mtu wa Ohio kurasa kumi na mbili kuhusu uhamishaji wa joto kwenye injini. Alipata A. Mimi nililipwa dola 48. Kutoka kwa insha kama hizo nilikuwa nimeweka 41,000, na barua niliyo nayo inasema nikilipa malimbikizo ya 38,000 kabla ya mwisho wa Agosti narudi mwaka wa tatu.

Kwa hivyo uone hesabu. Gasketi ni 65,000, na sina. Tukiuza kwa broka tunapoteza karibu laki mbili, na dada yangu atalipiwa mwaka wa kwanza halafu tuanze kutafuta wa pili. Au niamini kwamba fundi alikosea, niweke pesa zangu kwenye imani hiyo, na nikikosea mimi, chuo kimeenda na gari halijapona.

Gasketi iliyoungua ina dalili zake. Gesi ya silinda huingia kwenye maji, ukiwasha injini unaona mapovu kwenye chupa ya akiba yasiyoisha. Mipira inakuwa migumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto la maana. Maji yakiingia kwenye oili, chini ya kifuniko cha oili kunatokea kitu kama mayonesi. Yakiingia kwenye silinda, moshi wa ekzosti unakuwa mweupe na hauachi hata injini ikipata moto. Nilikaa na daftari siku mbili nikiyapima hayo. Mapovu, hakuna. Mayonesi, hakuna. Moshi, hakuna. Mipira ililainika na kukaza kwa wakati wake.

Maji hayakuwa yanachomwa. Yalikuwa yanatoka mahali.

Ukitoka dukani kwetu kuelekea mtoni kuna uwanja wa wazi ambapo mafundi wanne hufanyia kazi chini ya mwembe. Mmoja wao ni msichana, labda ananizidi miaka miwili, amepitia polytechnic, na hushughulikia magari ambayo wengine wamekataa. Nilimpelekea Subaru saa nane mchana. Akazunguka, akaingia chini, akatoka.

"Inavuja saa ngapi?"

"Sijui. Asubuhi ndio nakuta imepungua."

"Na hapa umekuja nayo ikiwa moto."

"Sasa nitakuja nayo aje?"

"Bro, uko kama mama analeta mtoto kliniki homa ikiwa imeshuka." Akajipangusa mikono. "Kuna mpira umekufa mahali. Ikipata moto unapanuka, unajifunga. Ikilala baridi inajikunja, maji yanatoka polepole usiku. Asubuhi ukiwasha, yanakaukia kwa ekzosti. Hiyo harufu ndio hiyo. Hautawahi kuiona mchana."

Nikamwomba aje alfajiri. Akacheka mpaka wenzake wakageuka. Hawezi kuamka saa hiyo kwa sababu ya Subaru ya mtu. Lakini alinikodisha, kwa 200, kifaa chake: kifuniko kikuukuu cha tangi alichokitoboa katikati na kukaza humo valvu ya tyubu. Unakifunga kwenye gari, unaunganisha pampu ya mguu yenye geji, unasukuma hewa. "Usipitishe 15. Ukipitisha, utaleta shida mpya na hiyo ya kwanza bado."

Ile 15 ina sababu. Kifuniko cha gari hili kinashikilia shinikizo la takriban bari 1.1. Embu iko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji kwenye sufuria ya Mama huchemka kwenye nyuzi 95 au 96, wala si 100. Ndani ya mfumo uliofungwa, kwa shinikizo lile, hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Ndiyo maana tundu dogo kama la sindano linaweza kuangusha gari zima kwenye mlima. Kabla lita zako hazijaisha umeshapoteza shinikizo, na maji yanachemka mapema. Haya nilimwandikia yule wa Ohio, vizuri kabisa, ukurasa wa saba. Sikuwahi kuyaunganisha na gari lililo nje ya dirisha langu.

Jioni ile nilitoa intakula, lile sanduku la kupoza hewa ya tabo linalokaa juu ya injini na kuficha nusu ya ulimwengu. Nikaosha injini. Nikaweka maboksi yaliyokunjuliwa chini ya gari ili tone likianguka nijue lilipoanguka. Nikaweka kengele ya simu saa kumi na nusu.

Julai Embu si mchezo. Kuna kijimvua kile kisichonyesha wala kuacha, na ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa kwenye mabati. Nilitoka na jaketi mbili. Boksi la upande wa kulia lilikuwa na duara la kijani, la ukubwa wa sahani ya kikombe, upande wa nyuma, karibu kabisa na pale ambapo fundi wa mjini angesema gasketi. Moyo ulinishuka. Nilikaa kidogo kwenye ndoo nikihesabu ile 41,000 upya.

Kisha nikafunga kifuniko, nikaunganisha pampu. Tano. Nane. Kumi na mbili. Nikaacha, nikasikiliza. Mbwa wawili wakibishana ng'ambo ya mtaro, bodaboda ikipita barabarani, na katikati ya hayo, sauti kama ya mtu anayevuta pumzi kwa meno.

"Baba." Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimepewa jina la baba yake, kwa hivyo Mama ananiita baba nikiwa sijamkosea. Alikuwa amesimama mlangoni amejifunga leso juu ya sweta. "Unafanya nini hapo na giza?"

"Nashikia simu, Mama. Mulika hapa."

Akamulika. Nilikuwa na kioo cha dada yangu cha kupakia wanja, nikakiingiza chini ya manifoldi, pale ambapo mkono hauingii. Kuna vipaipu viwili pale, vyembamba kama kidole cha mtoto, vinavyopeleka maji ya moto chini ya koo la hewa ili pasigande barafu. Ni kazi iliyobuniwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Japani, na hapa Dallas havina faida yoyote isipokuwa kuvuja. Kimoja kilikuwa cheusi cha kawaida. Cha pili kilikuwa cha plastiki ya manjano iliyoiva hadi hudhurungi, kimefungwa kwa waya wa ujenzi, imepindwa kwa plaisi mara tatu. Kwenye ule waya, tone lilijaa, likaanguka juu ya injini, likateleza upande wa kulia na nyuma, kuelekea ekzosti. Likajaa lingine.

Sikuelewa ninachokiona. Mama akasogea, akaweka uso karibu na kioo, akanyamaza.

"Hiyo ni paipu ya bomba langu la kahawa."

"Gani?"

"Ile ya kunyunyizia dawa. Niliipata imekatwa. Nikamsingizia kijana wa kufanya kazi, nikamkata pesa." Alivuta pumzi. "Nikamkata 300."

Kwa hivyo Baba alirudi kutoka Naivasha, akakuta kipaipu kimepasuka, akaenda kwenye stoo ya shamba, akakata kipande kwenye bomba la Mama, akakifunga kwa waya, akajaza maji, akatuambia imepona. Plastiki ya kupitishia dawa baridi ya majani, kwenye injini ya tabo. Bila shaka alikuwa na mpango wa kurudi akiweke cha kweli. Ilishika wakati wote aliokuwa akiugua, ikashika baada ya mazishi, ikaanza kuchoka mwaka huu.

Ningependa kuandika kwamba nililia au kwamba nilitabasamu. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshatoa 3,500 kwa ile gereji kwa "ukaguzi", tulikuwa siku moja tu kabla ya kumpa broka gari, na mtu aliyejua shida iko wapi alikuwa ameijua tangu mwanzo na hakusema. Angeandika hata kwenye karatasi. Alikuwa karani, kila kitu maishani mwake kimeandikwa, nina leja zake tisa. Nilisema haya kwa sauti, kwa ukali zaidi ya nilivyotaka.

Mama alizima taa ya simu, akanirudishia. "Labda alikuwa anangoja injinia afunge shule," akasema, akaingia ndani kuwasha jiko.

Siku ile ile fundi alitoa manifoldi. Akabadilisha vipaipu vyote viwili kwa mpira halisi wa maji ya moto, 450, na klipu mbili za 50. Akaosha mfumo mara tatu mpaka ile dawa ya unga ikaacha kutoka, rangi yake kama uji wa wimbi. Termostati mpya 1,800, na hapo alibishana na mwembe mzima ambao haukuona haja yake. Kulanti 1,800. Mkono wake 1,500. Kutoa hewa kulitupeleka mpaka jioni: unaegesha pua ikitazama mlima, unafungua hita mpaka mwisho, unaacha injini inguruma huku ukijaza kidogo kidogo na kukamua mipira, na kila ukidhani imeisha inapiga mbweu nyingine. Ukijumlisha na kukodi pampu, 5,850. Zimebaki 35,150. Nahitaji insha tatu hivi kabla ya mwisho wa Agosti, nne zikiwa za Wamarekani wabahili.

Siku iliyofuata nilienda nalo mpaka Runyenjes na kurudi, Mama ameketi kando, mkoba mapajani, anatazama geji na kukataa kutazama kitu kingine. Sindano ilipanda hadi chini kidogo ya katikati ikakaa hapo kama imegundishwa. Tulipokuwa tunarudi akaniambia nisimame kwenye duka moja, akashuka, akatuma shilingi 300 kwa M-Pesa, na ya kutolea. Sikumuuliza ni kwa nani.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Ni mwalimu kijana wa Chuka, si broka, alianza kusema namba za bodi kabla hata hajanisalimu. Akauliza lina shida gani. Nikamwambia yote: mlango, kiti cha nyuma, ile dawa ya kuziba iliyopita humo na inayoweza kuwa imebaki kwenye hita. Nikamwonyesha kile kipande cha paipu na waya wake. Alikigeuza mkononi muda mrefu, akacheka, akaniuliza kama anaweza kukichukua pamoja na gari. Nilifungua mdomo kusema sawa. Mama akasema hapana, hicho ni chake, ni cha bomba.

Walikubaliana 420,000. Amesema atarudi Ijumaa na pesa.

Leo ni Jumatano. Tangu Jumamosi naamka saa kumi na nusu bila kengele. Natoka, navuta boksi, namulika. Leo lilikuwa kavu, isipokuwa pembeni ambapo mvua imeingia. Nimerudi kitandani, usingizi umekataa, nimefungua kompyuta. Kuna mtu wa Texas anataka kurasa sita kufikia jioni.